Maji ya Mrututu

Siku za kuchangia damu, mpimaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua chumba. Alifungua madirisha, akapangusa meza, akapanga sindano za kutobolea vidole upande mmoja na pamba upande wa pili, kisha akateremsha kutoka rafuni chupa ya mdomo mpana yenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba. Yalikuwa maji ya buluu, mazuri kuyatazama, na hakuna mgeni aliyeingia mle asiulize kama yananyweka. Hayanyweki. Mpimaji alikuwa amelijibu swali hilo mpaka likamchosha, siku hizi alitikisa kichwa tu na kusema, "Lete kidole."

Kazi ya maji yale haikuwa na mambo mengi. Unamtoboa mtu kidole, unavuta damu kidogo kwa mrija mwembamba, unaachia tone moja juu ya maji. Damu ya kutosha ni nzito, tone linashuka mpaka chini bila kuuliza njia. Damu pungufu ni nyepesi, tone linasitasita, linaelea. Aliyezama anapita kwenda kutoa. Aliyeelea anaambiwa arudi nyumbani akale maini na mboga za majani, kama anazo. Njia nyingine zilikuwepo. Zamani walikuwa wakichanganya damu na tindikali mpaka iwe ya kahawia, kisha wanasimama dirishani kulinganisha rangi yake na kioo, na kila mpimaji akawa na macho yake na majibu yake. Kulikuwa pia na mashine ndogo ya mkononi, unaiwekea tone kwenye kijikopo cha plastiki inakupa namba, lakini hiyo ilikuwa ya wagonjwa wa wodini, kwa sababu vikopo vyake vilikuwa haba. Wachangiaji walikuwa na chupa. Mkuu wa maabara, mwanamume mpole mwenye koti jeupe lisilojua doa, alipenda kuwaambia wageni kwamba wahenga hawakukosea, damu nzito kuliko maji. Wageni walicheka kila mara, na yeye kila mara alifurahi kama ndiyo kwanza ameyasema.

Mambo yalianza kuharibika kwa jambo dogo. Maji ya chupa yakishapokea matone mengi hutakiwa kumwagwa, yakawekwa mapya, na mapya huchanganywa kwa kupima unga wa mrututu kwenye mizani, si kwa kukisia. Unga ukawa adimu. Siku moja foleni ilifika nje, maji yameshuka chini ya mstari, dumu la akiba limekauka, na mpimaji akafanya anachofanya kila aliyewahi kusimama jikoni wageni wakizidi mchuzi. Alichukua jagi, akaongeza maji ya bomba mpaka kwenye mstari, akakoroga. Rangi haikubadilika sana. Siku hiyo hakuelea mtu hata mmoja.

Usije ukadhani hakujua alichofanya. Alijua, alisomea. Maji yakipungua uzito, hata damu nyepesi inazama. Jioni alimwendea mkuu akamweleza kila kitu, jagi na yote. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufungua jokofu la damu, ambalo kwa muda mrefu halikuwa na kitu ndani ila baridi. Lilikuwa limejaa kutoka rafu ya juu mpaka ya chini. Alilitazama, akaurudisha mlango taratibu kama wa chumba cha mtoto aliyelala, akasema, "Usiguse kitu."

Basi, funika kombe mwanaharamu apite. Jagi likapata mahali pake pa kudumu juu ya meza. Baada ya muda wakaja wakubwa kutoka juu, wakafungua jokofu, wakapigwa picha mbele yake, wakaacha cheti cha pongezi ambacho kilitundikwa ukutani nyuma ya viti vya kuchangia.

Wa kwanza kupitisha mwanga alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa mchangiaji mwaminifu, kwa ajili ya soda na biskuti wanazopewa watu baada ya kutoa, na hakuna aliyemwambia apumzike. Ilifika wakati ukisimama mbele yake unaziona nondo za geti kupitia mashavu yake. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba wezi hawamwogopi tena. Uongozi ulilichukulia kwa uzito, akapewa kofia kubwa zaidi.

Mama Chiriku yeye alikuwa mfagiaji wa shule ya msingi. Chiriku ni jina ambalo wauguzi wa wodi ya watoto walimpachika binti yake wa pekee, kwa kuwa yule mtoto aliongea tangu anafumbua macho mpaka dawa zimlaze. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaozikunja chembe za damu zikavunjika kabla ya wakati wake. Kila baada ya miezi kadhaa ilibidi aongezewe damu, la sivyo alianza kuhema kama aliyetoka mbioni, na halafu, hilo ndilo lililowatisha wauguzi, alinyamaza.

Hospitali ilikuwa na kanuni ya mfuko kwa mfuko. Damu haitoki kwenye jokofu kabla ndugu wa mgonjwa hajaingiza nyingine. Kanuni ilitungwa jokofu likiwa tupu, na jokofu lilipojaa haikufutwa, kwa sababu, alivyoeleza mkuu, limejaa kutokana na kanuni. Ndugu wa Chiriku walijitokeza mwanzoni, tusiwaonee. Baba yake alitoa mara mbili, kisha akapata kazi mbali, mbali kwelikweli, mpaka simu yake ikawa haipatikani. Mjomba alitoa mara moja akazimia kitini, na tangu siku hiyo akiona namba ya dada yake anakuwa yuko msibani. Shangazi alisema damu yake ni ya presha, isije ikamdhuru mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akabaki mama mtu na kidole chake.

Ilikuwepo kanuni nyingine, ya kumpumzisha mchangiaji kabla hajatoa tena. Hiyo ilibandikwa mlangoni, na mlango ulikaa wazi siku nzima, karatasi ikitazama ukuta.

Kila alipokuja, tone lake lilizama. Viganja vyake vilianza kupauka, kisha vikaanza kupitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Uso ukafuata. Akikaa kwenye kiti cha kuchangia, cheti cha pongezi kilisomeka kupitia paji la uso wake mpaka kwenye sahihi. Muuguzi aliyechoma sindano, ambaye watu walimwita Bwana Mshipa kwa kuwa hakuwahi kuukosa, alifurahi waziwazi. Alisema tangu aanze kazi hajaona mkono mzuri namna ile, mishipa yote iko peupe hata ya ndani, mtu unachagua tu kama sokoni. Kule shuleni walimu nao walimsifu, maana akipita na fagio lake mbele ya darasa hakuwazibia watoto ubao.

Chiriku mwenyewe aliwatangazia wodi nzima kwamba mama yake amekuwa dirisha. Alimwomba akae upande wa uani ili amwone paka wa jikoni kupitia tumboni, na alipoambiwa gauni linaziba, akamwomba basi ainamishe shingo. Mama aliinamisha. Yule mtoto akacheka, mama naye akacheka, na kila aliyekuwepo aliona meno yake ya nyuma kwa mbele.

Lakini damu ya jokofu lile ilikuwa haidumu tena. Ilitoka kwa watu waliozama wote bila kubagua, na mtoto aliyekuwa akikaa miezi kadhaa baada ya kuongezewa sasa alirudi mwezi haujaisha, anahema. Kwa hiyo na mama alirudi mwezi haujaisha, kutoa.

Mpimaji hakuwa mtu mbaya. Aliyaona hayo na yalimnyima raha. Siku moja alipekua kabati akakuta unga wa mrututu umebaki kwenye kona ya pakiti, akaupima kwenye mizani, akachanganya maji kikombe kimoja, maji ya haki, kama alivyofundishwa. Mama Chiriku alipofika alimvuta nyuma ya kabati, akamtoboa, akaachia tone. Tone lilikaa juu ya maji kama ushanga. Walisimama wote wawili wakilitazama, na halikuwa na haraka ya kwenda popote. Mpimaji akamweleza mambo ya jagi, tangu mwanzo.

"Bosi wako anajua?" Mama Chiriku aliuliza.

"Anajua."

"Na wewe siku zote ulijua."

Mpimaji alikubali kwamba alijua. Alisema anaweza kumwandikia leo hii kwamba damu yake haitoshi, apumzike, akiendelea hivi atakufa.

"Dada yangu," Mama Chiriku alisema, "mimi sikuja hapa kupimwa. Nimekuja kutoa. Nikirudi nyumbani kwa sababu ya hilo tone lako, nani anakufa?"

Mpimaji alikitazama kikombe.

"Basi kamwage hayo maji."

Aliyamwaga. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona ahueni, maana sasa uamuzi ulikuwa wa mtu mwingine, na hiyo ahueni ndiyo iliyomfanya ajichukie kuliko aibu yenyewe. Halafu akarudi mezani, kwa kuwa foleni ilikuwa inamsubiri.

Mvua zilipoanza, Mama Chiriku alikuwa haonekani kabisa. Lilionekana gauni lake la kahawia, kitambaa cha kichwani, na ndala zilizotangulizana kwenye korido. Watu walimpisha na kumsalimia kama kawaida, wakilenga chini ya kitambaa. Bwana Mshipa hakusifu tena. Alitafuta mshipa kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na mfuko ulijaa kitu chenye rangi ya chai iliyozidiwa maji. Ulibandikwa lebo kama mingine, ukaingia jokofuni.

Ndipo vikopo vya ile mashine ya wodini vikaisha. Vilisemekana viko njiani. Mkuu aliitisha kikao kifupi akasema hakuna sababu ya kuhangaika, chupa imeonyesha matokeo mazuri kwa wachangiaji, kuanzia sasa na wagonjwa watapimwa kwa chupa. Mpimaji alinyoosha mkono. Alisema maji yale yanazamisha kila mtu. Mkuu alijibu kwa upole kwamba yanazamisha kwa sababu watu wana damu. Mpimaji akamuuliza, je, mlinzi wa geti? Mkuu naye akamuuliza kama mlinzi anafika kazini. Akasema anafika. Kikao kikafungwa.

Chiriku aliletwa asubuhi ya siku iliyofuata, amebebwa na lile gauni la kahawia. Alikuwa anahema na hakuwa anasema neno. Mama alimweka kwenye kiti, akalifungua shati la mtoto kidogo kifuani apate hewa, kisha, kwa mazoea, akanyoosha mkono wake mwenyewe mezani. Mpimaji aliuhisi kwa jinsi mkono wa gauni ulivyosogea. Alimwambia leo anaanza mtoto, ni utaratibu mpya.

Damu ya Chiriku ilikuwa kama maji ya kuoshea nyama. Tone lilianguka kwenye chupa, likazama mpaka chini.

Mama aliuliza maana yake nini. Mpimaji alimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba maana yake damu yake inatosha, haongezewi.

Mama alimtazama mtoto anavyohema. Kisha Mama Chiriku akasema, "Leta yale maji mengine."

Tuseme ukweli, hapo mpimaji alijikaza. Alikung'uta pakiti, akapima, akachanganya kikombe mbele ya macho ya kila mtu, na akamtuma Bwana Mshipa akamwite mkuu aje ashuhudie. Mkuu alifika na koti lake. Tone la Chiriku liliachiwa kwenye kikombe, likaelea. Mkuu aliinama akalitazama kwa makini, akakubali kwamba linaelea.

"Kwa maji haya mtoto anahitaji damu," alisema. "Nani anamtolea?"

"Mimi," gauni lilijibu.

"Vizuri. Basi na wewe tukupime kwa maji haya haya."

Tone la mama lilikuwa halina rangi, lilionekana kwa kukunja tu ile buluu. Lilikaa juu. Mpimaji akasema atatoa yeye, akajitoboa kabla hajakatazwa, na tone lake likakaa kando ya la mama, maana na yeye alikuwa akichangia kila wakubwa wanapokuja kupiga picha. Bwana Mshipa akaweka lake. Nalo likaelea. Alijitazama kiganja, akaviona vigae vya sakafu, akarudisha mkono mfukoni. Mkuu yeye alikuwa na mikono yake mfukoni tangu alipoingia.

Mama Chiriku akasema, taratibu kabisa, kama anayemwelekeza mtu njia:

"Mtoto mpimeni kwa maji haya. Mimi nipimeni kwa yale. Mambo yaishe."

Mkuu alionekana kuumia kwa ajili yake. Alieleza kwamba maabara moja haiwezi kuwa na maji mawili, kila mtu angetaka kuchagua yake. Kwa maji ya kikombe, mama hawezi kutoa, na bila mfuko kuingia hakuna mfuko kutoka. Kwa maji ya chupa, mama anaweza kutoa ila mtoto hahitaji. Yeye binafsi angependa kusaidia. "Kipimo ni kimoja kwa wote, mama. Ndiyo haki yenyewe hiyo."

Mpimaji alisema jokofu limejaa. Alilisema mara mbili, mara ya pili akipiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa yeyote mle kusikia sauti yake ikipanda. Jokofu lilikuwa pale pale ukutani, linanguruma. Mkuu alikubali kwamba limejaa, akasema ni fahari ya wote. Kisha, kwa kuwa chupa ndiyo iliyokuwa kipimo rasmi, alichukua kalamu akaandika kwamba mtoto damu yake inatosha, aruhusiwe kwenda nyumbani, akamkabidhi mama karatasi. Karatasi ilining'inia hewani kidogo, ikakunjwa, ikaingia kwenye mfuko wa gauni.

Hawakufika nyumbani. Mama alikaa naye kwenye benchi la nje, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na mtoto alikuwa hawezi kubebwa kwenye baridi. Kadiri siku ilivyokwenda, Chiriku naye alianza kupitisha mwanga, kwanza masikio, kisha vidole, kisha uso wote. Wauguzi waliopita walimsalimia, na mmoja alimletea maji ya kunywa, yakaonekana yakishuka kooni. Mchana alifumbua macho akasema anamwona mama. Alisema anamwona vizuri, na kitambaa kimekaa upande, akinyooshe. Mama alikinyoosha. Alasiri mtoto akakata roho. Mama alijua kwa uzito wake, maana kwa macho hakukuwa na cha kujua, lilikuwa limebaki shati dogo na sketi ya buluu mapajani mwake. Alilia, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya dawa walisogea kumpa nafasi.

Jioni mkuu wa maabara alitoka akiwa anaelekea nyumbani, mwavuli mkononi. Hakupenda vitu vizagae kwenye varanda. Aliona gauni la kahawia limekunjamana kwenye benchi na nguo za mtoto juu yake, akasimama, akauliza kwa wote waliokuwepo, "Nguo za nani hizi zimeachwa hapa?"

"Ni zetu," mama alijibu.

Mkuu aliomba radhi, akasema hakuwa ameona. Alimwambia pole, alimaanisha, kisha akamwomba asichelewe sana, kwa sababu kesho asubuhi ni siku ya kuchangia na watu watahitaji pa kukaa. Mama alisema sawa. Akaanza kuziinua zile nguo ndogo, kwanza akapapasa juu ya kola, akakitafuta kichwa, akakiegemeza vizuri begani ili kisining'inie, ndipo akasimama akaenda nazo mvuani.